Ngoma Kabla ya Chai

Jumapili, 1 Julai 1973

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Veneranda wa kisomo. Anasema sisi wazee wa darasa la jioni tukiacha kuandika wiki mbili tu, herufi zitatutoka kichwani, kwa hiyo kila mtu aandike habari zake mwezi mzima. Wenzangu wakanung'unika kwamba hawana habari. Mimi nikamwuliza kama hana daftari nene zaidi.

Haya. Naitwa Amuri Ramazani, wa Kasingirima, Ujiji, fundi wa matanga ya mashua kwenye klabu pale Kigoma. Mwaka wa thelathini na moja huu nashona. Nimewashonea Wazungu, na walipoondoka kuna mmoja alinililia mimi kuliko alivyolilia nyumba yake. Sasa klabu ni ya wananchi. Mwenyekiti ni Bwana Telesphory, mtu wa suruali ya pasi, hata akisukuma mashua majini ule mkunjo haupotei. Katibu ni kijana anaitwa Anatoli, Mha wa Kasulu, ametoka milimani na faili kwapani.

Jana alasiri jua lilipatwa. Watu walijifungia ndani. Mimi nilikaa uani nikaliangalia kwenye beseni la maji, nikawaambia majirani litaachia. Likaachia.

Jumanne, 3 Julai

Leo nimefanya jambo.

Kamati ilikaa barazani. Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya tanga jipya la mashindano, walitaka kuliona kabla halijapandishwa. Tanga lenyewe jeupe, mshono wake ukiutafuta kwa jicho huuoni, lazima upapase. Wakalipapasa. Halafu wakaingia kwenye mambo ya wageni.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka jana watu wetu walikwenda Mwanza kwenye mbio za mashua. Mwanza wakawapokea kwa ngoma na chatu. Mtu anacheza na chatu shingoni, watu wanapiga makofi, nyama inachomwa, na Bwana Telesphory, yeye mwenyewe anasema, alirudi hapa na deni moyoni. Mwaka huu zamu ni yetu. Mwanza wanakuja kwa treni, mashua zao juu ya behewa. Mbio Jumamosi na Jumapili. Na Jumamosi jioni lazima kuwe na burudani ya kuwafunga mdomo.

Anatoli akasema ameshaongea na bendi moja ya Tabora, magitaa matatu na tarumbeta.

Sikuulizwa, lakini nilikuwa nimesimama pale, na mtu akisimama mdomo wake nao unasimama pamoja naye. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, watu wanatoka ziwani wanakuja ziwani, halafu nyinyi mnawapigia muziki wa stesheni?"

Wakacheka. Bwana Telesphory akauliza, "Sasa Mzee Amuri unashauri nini?"

"Ngoma ya Ujiji. Ya shemeji yangu Mwamvua, mke wa marehemu kaka yangu. Wanawake ishirini wenye sauti, wapiga ngoma sita, na mwanawe Hamdani kwenye ngoma kubwa. Mwanza wakiisikia hiyo watamrudisha chatu wao porini."

Baraza hilo halijawahi kupigwa ngoma ya Ujiji hata siku moja. Wazungu walikuwa na santuri, na waliofuata wakaendelea na santuri. Wakatazamana.

Anatoli akasema, "Ni tarehe ishirini na nane, mzee. Nikiifuta bendi haitarudi, ina watu wengi wanaiita. Una hakika?"

"Ningekuwa na hakika hata ingekuwa kesho."

"Niandike?"

"Andika kwa wino."

Akaandika. Mwenyekiti akasema heshima ya Kigoma sasa iko mkononi mwangu. Nikamwambia imewahi kukaa mikono mibaya zaidi.

Jumatano, 4 Julai

Nimeshona. Upepo wa kusini.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Nimevaa koti. Kila niliyekutana naye nimemwambia habari ya ngoma: sokoni, kwenye gwaride, kwa kinyozi. Kinyozi alisimamisha wembe ili asikie vizuri. Mzee Mwinshehe, wa rika langu, akauliza kama Mwamvua mwenyewe ameshaambiwa. Nikamjibu Mwamvua ni shemeji yangu, simwombi, namwarifu. Nitamwarifu.

Jumatatu, 9 Julai

Anatoli amenionyesha jibu la bendi. Wamekubali kufutwa, wamepata harusi Urambo. Kijana huyu ana haraka mno. Nimemsalimia kwa Kiha cha kwao, "Mwakeye, mtu wa maharage." Akanijibu, "Mwakeye, mtu wa mdomo." Tunataniana hivyo kila asubuhi. Ila yeye akitania hacheki, anarudi kwenye faili, na hilo kwangu ni upungufu.

Jumatano, 11 Julai

Upepo. Nimeshona. Sindano imenichoma, damu haikugusa tanga.

Jumamosi, 14 Julai

Nimekwenda kumwarifu Mwamvua.

Siku hizi ni mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wako nyumbani. Dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi. Taa ya karabai inawaita wakati mbingu ni nyeusi, mwezi ukijaa hawaitiki. Basi alasiri ya leo ufukwe wetu ulikuwa umejaa wanaume wanashona nyavu, na Hamdani alikuwa amewamba ngoma upya anaijaribu. Wanawake wakadakia wimbo. Nikasimama pembeni, vinyweleo vya mikono vikanisimama. Nikawaza, Mwanza, mmekwisha.

Nikaketi. Nikaanza habari mwanzo, kwa mapambo yake. Baraza, kamati, wino. Watu wakafurahi. Hamdani akasema, "Baba mdogo, kweli tunapanda baraza lile?"

"Mnapanda, na viatu mkitaka."

Mwamvua alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Lini?"

"Ishirini na nane ya mwezi huu. Jumamosi jioni."

Mkono ukasimama kwenye ungo. Nikamwona anahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. Akasema, "Shemeji, leo Mfunguo Tisa ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Haya, hesabu mwenyewe mpaka hiyo siku yako."

Nikahesabu. Nikarudia. Ishirini na nane ya Julai ni ishirini na saba ya Mfunguo Tisa kwa hesabu ya mwandamo. Mwezi umekufa. Giza lenyewe, lile la katikati, ambalo wavuvi wote wa Ujiji kuanzia magharibi wako majini na taa, na mitumbwi inarudi imezama mpaka ukingoni. Na hao wavuvi ndio wapiga ngoma wangu, wote sita.

Hamdani akasema taratibu, "Baba mdogo, zile siku nne tano za giza ndizo zinatulisha mwezi mzima. Hata kama ni harusi yangu mwenyewe, nisingelala nchi kavu."

Nikasema najua. Najua kuliko wao. Nimezaliwa juu ya ziwa hili, nimevua giza mia mbili na zaidi kabla sijashika sindano. Lakini walipotaja tarehe ya karatasi, mimi nilisikia namba tu, sikuiangalia juu mbinguni iko wapi. Mwezi wangu na mwezi wa Anatoli ni miezi miwili mbali mbali, nami nilijibu kwa wangu swali la wake.

Haya naandika kwa sababu Mwalimu Veneranda amesema hatayasoma.

Jumapili, 15 Julai

Mwezi umejaa, mzuri kabisa. Nimefunga dirisha.

Jumanne, 17 Julai

Nimemwingia Anatoli kwa upande. Nikamwuliza, hivi tarehe ya mbio ikisogezwa wiki moja, mtu ataumia?

"Mzee, behewa la mashua limeshakatiwa. Wageni wana likizo ya siku hizo hizo. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Wazee huuliza."

Akanitazama. Ana macho ya mtu anayejua jedwali halijumliki lakini bado hajaona kosa liko mstari gani.

Alhamisi, 19 Julai

Nimetafuta ngoma nyingine. Buzebazeba kuna kundi zuri. Wapigaji wake ni wavuvi. Nikaenda kwa Mzee Mwinshehe tukakusanya watu wa rika letu, tuliotisha mji huu zamani. Tulikuwa wanne. Mmoja mkono hauinuki kupita bega. Mmoja anapiga vizuri ila amesahau pa kumalizia, anaendelea tu. Mwinshehe alilala. Mimi nilikuwa hodari kama kawaida, lakini mtu mmoja si kundi.

Mke wa Mwinshehe akatuletea uji, akatazama, akasema, "Wageni wenu wamewakosea nini?"

Ijumaa, 20 Julai

Upepo mkali. Kinyozi ameniuliza ngoma itaanza saa ngapi. Nimenyoa nusu, nikasema nina haraka.

Jumamosi, 21 Julai

Nimemwambia Anatoli. Nilimkuta anapaka rangi maboya, kakunja shati, faili liko chini ya kopo. Nikasema, "Mtu wa maharage, leo sitanii." Nikamweleza yote, mwezi, karabai, Hamdani.

Nilidhani ataruka. Aliweka brashi chini. Akauliza maswali mawili tu: giza linaanza lini, linaisha lini. Akaandika. Halafu akasema, "Tarehe nilipanga mimi. Niliangalia kalenda ya ukutani, ina picha za mwezi pembeni kabisa, kila siku naziona. Sikujua ni za nini. Kwetu milimani mwezi ni wa kuangazia njia."

"Kosa si lako. Mimi ndiye mtu wa ziwa."

"Kamati itaniuliza mimi, mzee. Nilifuta bendi mimi."

Nikaokota brashi, nikamalizia boya lake.

Jumapili, 22 Julai

Kamati ya dharura. Niliitwa.

Anatoli akasimama, akasema kwa sauti ya faili kwamba yeye katibu amepanga tarehe bila kuuliza wenyeji, ngoma haitapatikana, bendi imeshakwenda Urambo, na anaomba kamati imchukulie hatua. Hakunitaja. Hata kwa jina moja.

Bwana Telesphory alivua miwani. Akasema Mwanza wanafika Ijumaa, na sisi tunawapa nini, santuri ile inayoruka? Akamwuliza Anatoli kama anaelewa kwamba aibu hii itapanda treni kwenda Mwanza na kushuka kila stesheni. Mjumbe mmoja akasema labda katibu mwingine apatikane.

Nilikuwa mlangoni. Ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi na baiskeli yangu ipo pale.

Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, mwongo yuko hapa mlangoni, mnamhoji mwingine wa nini? Mimi nilisema hata ingekuwa kesho. Mimi nilisema andika kwa wino. Huyu kijana aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mtu wa Kasulu hajui giza, hajafundishwa. Mimi nimelala ndani ya giza hilo miaka kumi na minane. Kama kuna wa kuondolewa, ondoeni sindano yangu."

Hakuna aliyecheka. Nimezoea kusema watu wacheke, leo waliniangalia tu. Mwenyekiti akasema tutatumia santuri, kikao kimefungwa. Habari ya kuondolewa hakuigusa, wala kwa katibu wala kwangu.

Nje Anatoli akanisukumia baiskeli mpaka barabarani. Akasema, "Mzee, ungenyamaza."

"Sijui kunyamaza. Uliza mtu yeyote."

Jumatatu, 23 Julai

Nimekwenda kumwambia Mwamvua ngoma imekufa, asisumbuke. Giza limeanza, mitumbwi ilikuwa imerudi alfajiri na ufukwe mzima ulikuwa wa fedha, dagaa wameanikwa. Wanawake wote ishirini wako mchangani na reki, wanageuza na kuimba. Wapiga ngoma wangu sita walikuwa wanapakua, na Hamdani anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi kuwafuatisha.

Nikaketi kwenye mchanga, nikamsimulia habari ya kikao. Nilimsimulia bila mapambo, nikaona anashangaa.

Akageuza dagaa mstari mmoja. Akasema, "Hawa unawaona wamelala?"

"Nani?"

"Hawa. Hamdani. Wenzake. Hawa wanawake. Wamelala?"

"Wako macho."

"Wanaimba au hawaimbi?"

"Wanaimba."

"Sasa nyinyi kwenye klabu yenu, nani amewaambia ngoma lazima iwe jioni?"

Nikasema wageni hustarehe jioni. Akasema wageni watastarehe wakistareheshwa. Nikasema asubuhi kuna dagaa wa kuanika, wakiachwa kwa muda wa saa tatu kwenye mtumbwi wameharibika. Hapo akasimama kabisa, akaegemea reki.

"Shemeji, mchanga wa klabu una nini? Hauanikiki?"

Wazo hili ni langu.

Sawa. Ni la Mwamvua. Mimi nililibeba kwa baiskeli.

Jumanne, 24 Julai

Bwana Telesphory alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nani anacheza ngoma kabla ya chai?"

"Mtu aliyefanya kazi usiku kucha, ndugu mwenyekiti. Kwake hiyo ndiyo jioni."

"Na hao dagaa. Hapa. Mbele ya baraza."

"Upepo utawakausha upesi."

"Harufu, mzee."

Anatoli akaingilia, akasema mbio za Jumapili haziwezi kuanza kabla ya saa nne kwa sababu upepo wa kusini hauamki mapema, kwa hiyo asubuhi ipo bure. Alikuwa ameandika saa zote kwenye karatasi, saa ya mitumbwi, saa ya ngoma, saa ya chai, saa ya mbio. Nimewahi kuyasema vibaya mafaili ya kijana huyu. Nayafuta maneno hayo.

Mwenyekiti akaisoma mara mbili. Akasema Jumamosi santuri, Jumapili asubuhi ngoma, na mitumbwi isipotokea, yeye na mimi tutahama Kigoma, yeye kwa treni na mimi kwa miguu.

Ijumaa, 27 Julai

Wamefika. Mashua sita na watu kama ishirini. Nahodha wao anaitwa Feliksi, mtu mpana, sauti yake inatangulia kushuka kwenye treni. Alipoliona ziwa akasema ni jembamba, ng'ambo inaonekana. Nikamwambia sisi la kwetu tumelichimba kwenda chini, la kwenu mmelimwaga kama uji kwenye sinia. Akacheka, akanishika bega. Akauliza, "Mzee, burudani ipo? Sisi mwaka jana tulitoa chatu."

"Ipo."

"Kesho jioni?"

"Kesho jioni utapata santuri, na ulale mapema."

Akadhani natania.

Jumamosi, 28 Julai

Mbio za kwanza. Mwanza wametutangulia mara mbili, sisi mara moja. Jioni santuri. Iliruka pale pale inaporukaga. Wageni walicheza kwa adabu, kisha wakaketi. Feliksi akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Jamani Kigoma, chatu wetu alikuwa na furaha kuliko hii." Bwana Telesphory aliangalia viatu vyake. Saa tatu watu wakaenda kulala.

Nimetandika gunia chini ya mashua, nalala hapa hapa. Upepo umegeuka, sasa ni wa kaskazini, na unazidi. Taa za wavuvi naziona nje kule kama mji. Ni nyingi. Sijui Hamdani ni ipi.

Jumapili, 29 Julai

Niandike polepole, mkono bado unanuka dagaa na kalamu inateleza.

Saa kumi na mbili nilikuwa ukingoni. Anatoli akaja na karatasi yake, mwenyekiti akaja na suruali yake. Wageni niliwaamsha mimi, mlango kwa mlango, nikagonga na kopo. Wakatoka wamejifunga mashuka. Feliksi akasema, "Mzee, kuna moto?"

"Subiri."

Saa moja kasoro robo, hakuna kitu. Rasi ya Bangwe imekaa pale nyeusi, maji yanapanda na kushuka, na usiku kucha upepo ulikuwa wa kuwakataa watu wanaopiga kafi kutoka kusini. Saa moja, hakuna. Mwenyekiti akanisogelea. Akaangalia saa. Mtu mmoja wa Mwanza akauliza kama chai ipo. Nikawaza kwamba mitumbwi imejaa, upepo mbaya, Ujiji ni karibu zaidi, mimi ningekuwa Hamdani ningegeuza kwenda nyumbani. Nilikuwa nimemwomba mtu ahatarishe riziki ya mwezi kwa sababu ya mdomo wangu.

Kabla sijaona kitu nikaisikia. Ngoma juu ya maji haiji kama ngoma ya nchi kavu. Inakuja kwa chini, unaisikia miguuni. Anatoli akageuza kichwa. Feliksi akaacha kufunga shuka.

Wakatokea nyuma ya Bangwe, mtumbwi wa kwanza, wa pili, mpaka nikahesabu kumi na mmoja. Niliiahidi kamati mitumbwi sita. Hamdani amesimama katikati ya wa kwanza, ngoma kubwa imefungwa mbele yake, anapiga, na makafi ya watu wote yanaingia majini kwenye pigo lake. Walivuka upepo kwa pigo hilo. Taa za karabai bado zinawaka ingawa kumeshakucha, waliziacha makusudi kwa ajili yetu. Na upande wa barabara likatokea lori la mkaa wamepanda wanawake, Mwamvua mbele kabisa, wamevaa kanga za aina moja, reki begani kama askari na bunduki.

Hawakutusalimia. Waliingia moja kwa moja kwenye wimbo, na wimbo ulikuwa wa kuwatania wageni. Mwamvua anauliza: enyi wa Mwanza, mmekuja na nini? Wanaitika: na mashua za kuchezea. Mtarudi na nini? Na harufu yetu. Feliksi akajipiga kofi pajani akaanguka kwa kicheko. Mkewe, aliyekuja naye kwa treni, akavua viatu akaingia mstarini.

Ila dagaa walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona tangu giza la ule mwaka wa uhuru. Mchanga wa klabu ni mdogo, mashua zimelala pote. Wanawake wakajaza pale palipo wazi, na bado mitumbwi saba haijapakuliwa. Jua limeshapanda juu ya vilima. Mwamvua akaja kwangu, anahema, akasema, "Shemeji, nafasi imekwisha. Hawa wataoza, na mimi sitakuwa na uso wa kuwatazama wenye mitumbwi."

Nikaingia stoo. Nikatoa matanga yote ya zamani, tisa, nikayatandika kwenye majani mbele ya baraza. Yakajaa. Bado mtumbwi mmoja, wa Hamdani mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa anapiga na aliachia wengine watangulie kupakua.

Nikamtazama mwenyekiti. Yeye akatazama tanga jipya la mashindano, lile la mshono usioonekana, limekunjwa barazani likisubiri saa nne.

Akasema, "Ni jipya, mzee."

"Ndiyo, ni jipya."

Akainama, akakunja suruali ile, mkunjo wa kwanza, wa pili, mpaka magotini. Akashika pembe moja ya tanga. "Shika huko," akaniambia. Tukalitandika. Dagaa wakamwagwa juu yake, na tanga likageuka rangi, likawa linang'aa kama limefumwa kwa fedha. Halafu mwenyekiti akachukua reki kutoka kwa mwanamke mmoja, akaomba aonyeshwe. Anatoli alikuwa ameshajaa magamba mpaka kwenye nyusi, anageuza dagaa na kucheza, kucheza kwa Kiha, anarusha mabega, na wanawake wanamshangilia. Na leo alicheka.

Ngoma ilikwenda mpaka saa nne. Chai ilinywewa watu wamesimama. Ugali na dagaa wabichi wa kukaanga, hapo hapo, wavuvi na wageni na kamati, barazani, miguu yote ina mchanga.

Feliksi akapanda juu ya ngazi ya baraza akasema Mwanza wanasalimu amri, chatu amekufa. Akavua kofia yake ya unahodha. Akasema anataka kumvika mwenye ngoma hii. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi. Hata Hamdani. Mimi ndiye niliyekuwa nimeongea mwezi mzima.

Nikasema, "Mwenye ngoma ni yule pale mwenye reki."

Nimesema maneno mengi katika maisha yangu, marefu kwa mafupi. Hilo halikuwa na mapambo, na wote walilisikia. Mwamvua akavikwa kofia juu ya kanga. Alinitazama kwa upande akasema, "Shemeji, umeugua?" Wanawake wakapiga vigelegele.

Mbio za mchana tulishindwa. Tanga letu lilikuwa zito kwa mafuta ya dagaa. Kurasa zimebaki chache, sitaandika zaidi ya hapo.

Jumatatu, 30 Julai

Treni imeondoka na wageni na magunia mawili ya dagaa. Paka wote wa Kigoma wamehamia klabuni.

Nimelifua tanga jipya kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Harufu imepungua. Alama hazitoki. Ukilinyanyua kwenye jua unaona dagaa mmoja mmoja, kichwa na mkia, maelfu. Nikamwambia mwenyekiti nitashona jingine, nipewe wiki tatu.

Akalishika, akalipapasa kama siku ile ya kwanza. Akasema, "Usishone. Mwakani Mwanza tunakwenda na hili. Likipandishwa tu, wajue sisi ni nani."

Nimelipandisha leo alasiri, kwa kulikausha tu, mashua ikiwa imefungwa. Watu wamesimama barabarani wanalitazama. Nimekaa chini yake mpaka jua likazama, na kila aliyeuliza nimemweleza.

Wameuliza wengi.